Chupa Sita kutoka Ngulyati

Walimu wenzangu, tangu nirudi sijakunywa chai ofisini nikaimaliza ikiwa ya moto. Huyu anauliza, "Kabula, ilikuwaje huko Dodoma?" Yule kasikia kwamba mama mkwe wangu aliwamwagia abiria damu ndani ya basi. Mwingine kaambiwa tulikamatwa na dawa za kienyeji. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila nikifika pazuri kengele inalia. Basi nimekaa Jumamosi nzima nikaandika yote. Someni, mpeane, kisha mniache nisahihishe madaftari.

Ngulyati

Kwa wale ambao hamjafika nyumbani kwangu, lazima nianze na udongo, maana bila huo safari isingekuwepo.

Mume wangu Masanja alikuwa fundi ujenzi Dodoma. Alipochoka kujenga nyumba za watu alirudi Ngulyati, na mzigo wake mkubwa ulikuwa gunia lililoloweshwa maji, ndani yake vipandikizi vya mizabibu. Tulianza kuvipanda mbugani, kwenye ule udongo mweusi wa pamba. Mvua ilipokuja vikaoza miguu, na kiangazi ardhi ikapasuka ikakata mizizi iliyobaki. Tukahamia juu kwenye mchanga, karibu na mawe. Huko viliishi, lakini zabibu zake zilikuwa maji matupu. Mara ya tatu tukapanda penye ibushi, udongo wa kijivu wenye vijiwe vyeupe kama chokaa, ambao ng'ombe wanaulamba kwa sababu una chumvi. Hapo mizabibu ikakubali. Vichana vyake ni vidogo, punje ni nyeusi na ngozi yake nene, na ukizitafuna unaona kwamba mti umefanya kazi kuzipata.

Dawa ya dukani sitii hata tone. Majirani wanapopulizia pamba zao, mimi nimezungusha mtama mrefu pande zote ili ule ukungu usinifikie. Mbolea yangu ni samadi na majivu, na wadudu nawafukuza kwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa. Wakati wa kuvuna napondaponda zabibu kwenye pipa kwa mikono yangu, nafunika kwa kitambaa, halafu naziacha zichemke zenyewe. Hamira siweki, sukari siweki, na wala sichuji mpaka ung'ae. Mwaka huu zilipatikana chupa arobaini na moja tu. Na nitasema bila aibu, kwa kuwa mnanijua sina aibu nyingi: ni mvinyo mzuri. Kwanza unakuja uchachu, halafu tunda, na ukishameza chumvi kidogo inabaki kwenye ulimi. Hiyo chumvi sijaiweka mimi.

Tatizo ni kwamba ardhi ile ni ya mama mkwe wangu, Mayu Nkwimba, na ng'ombe wanaoulamba ule udongo ni wake. Ua wangu wa miiba ulichukua sehemu kubwa ya ibushi, ng'ombe wakabakiwa na kijisehemu chini kuelekea bondeni. Kila jioni walikuwa wanasimama nje ya ua wangu wakilia, na kila jioni Mayu alikuwa anasimama nao. Mwaka huu uvumilivu ulimwishia. Tulipopata habari kwamba watengeneza mvinyo wa Dodoma wanafanya siku ya kuonja na kupanga nafasi, na wanakaribisha watengenezaji wadogo kutoka mikoa yote, aliita ndugu wote wakakaa.

"Kabula amewafungia ng'ombe wangu nje ya chumvi yao," alisema, "kwa ajili ya pombe ambayo hapa hakuna mtu anayeijua. Sawa. Aipeleke kwa wanaoijua, na mimi nitakwenda naye nikaone kwa macho yangu. Wakiipenda, nitanyamaza mpaka nife. Wakiicheka, mvua ya kwanza ikidondoka nang'oa miti yote."

Ndugu wakaitikia. Nikamtazama Masanja aseme chochote. Masanja kwa wengine ni dume, lakini kwa mama yake hana mdomo. Aliangalia vidole vyake vya miguu kana kwamba vimeota siku ile.

Nikachukua chupa sita. Nikazipanga kwenye boksi zikiwa zimesimama, katikati nikajaza pamba ya Mayu mwenyewe. Nikamwambia, "Mayu, hizi zisitikiswe. Njia nzima, zisitikiswe." Akasema amesikia.

Maswa

Nilipanga tuamke alfajiri, tuchukue basi Bariadi mjini, jioni tuwe Dodoma. Mpango huo ulifia Maswa.

Pale Binza, mtaa wa Maswa, anakaa mdogo wake Mayu, jina lake Holo. Basi lilipokaribia, Mayu akaanza kukusanya kanga zake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kumsalimia Holo."

"Mayu, basi halisubiri salamu."

"Basi liende. Mabasi ni mengi. Dada ni mmoja."

Tukashuka. Salamu zenyewe zilikula saa nzima, maana Holo aliuliza habari za watu, halafu za ng'ombe mmoja mmoja, na Mayu akajibu za kila mmoja. Kisha kuku akakamatwa. Mimi nilikuwa nimenuna, lakini lazima niseme ukweli: ugali wa mtama, kuku yule, na nsansa, yale majani makavu ya kunde, zilizoungwa kwa karanga vilinilegeza. Nilikula mpaka nikasahau hasira. Holo anajua kupika kuliko dada yake, na naomba karatasi hii isifike Ngulyati.

Tulipokuwa tunaaga kesho yake asubuhi, nikaona boksi liko wazi. Mayu alikuwa ametoa chupa moja na kumkabidhi mdogo wake kwa mikono miwili.

"Sikuweza kuja mikono mitupu," aliniambia.

Holo aliishika ile chupa kwa heshima kubwa. Yeye ni Mkatoliki wa kuamka misa ya kwanza, na kwa fikra zake kinywaji chekundu cha zabibu ni kimoja tu. Akakipandisha juu ya kabati, kando ya rozari, akafunika kwa kitambaa cheupe. Nikamweleza kwamba hicho ni cha kunywa tu, mezani, na chakula. Akanitazama kama nimetukana. Mpaka leo chupa ile ipo pale juu, haijaguswa, na nasikia majirani wanaingia kuitazama.

Njiani nikamuuliza Mayu, kwa nini asiuonje yeye mwenyewe kwanza, ajue anachogawa? Miaka yote hii hajawahi kuweka hata tone mdomoni.

"Nikiuonja nikaupenda, nitakuwa nimeshindwa kabla ya kufika," alisema. "Wacha wenyewe waseme."

Nikajua nimesafiri na hakimu.

Shinyanga hadi mlima Sekenke

Shinyanga tulipata basi kubwa zuri, la kwenda Dodoma moja kwa moja. Boksi nililipakata mapajani kama mtoto, kwa sababu konda alitaka kulitupa chini kwenye buti nikamwambia atanitupa mimi kwanza. Kila upande wa barabara malori ya pamba yalikuwa yanapishana nasi, na Mayu aliyahesabu kwa sauti ili nisikie.

Baada ya Nzega, mzee mmoja aliyekaa upande wa pili akainama akachungulia. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri.

"Samahani mama, hiyo dawa ni ya nini?"

"Siyo dawa, baba," nikamjibu. "Ni mvinyo."

Akatabasamu kama mtu anayejua siri. "Naelewa. Ninyi Wasukuma dawa zenu hamzitaji njiani. Mimi damu yangu ni ndogo. Nimeshakunywa rosela, nimekula matembele, nimechoka. Hiyo rangi naiona kabisa, hiyo ni ya damu."

Nikamweleza tena, taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha kwanza habari za mmea kutengeneza chakula. Zabibu, pipa, kuchemka kwenyewe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini. Nilipofika kwenye samadi na majani ya mwarobaini, watu wa viti vya nyuma nao wakawa wamesogea. Mama mmoja akauliza kama inafaa na kwa kinamama waliojifungua.

Hapo Mayu akaingilia. Kumnyima mgonjwa, kwake yeye, ni dhambi isiyofutika. Akachomoa chupa akampa yule mzee. "Nduhu mhayo, baba. Hakuna neno. Unywe, upone. Damu ikirudi utusalimie Simiyu."

Nikabaki na nne. Niliwaza kusema jambo, lakini nikaona uso wa yule mzee. Alikuwa anaishika ile chupa kwa furaha ya kweli, na mimi nilikuwa naona fahari ya ajabu, kwamba kitu cha mikono yangu kinaonekana kina nguvu namna hiyo hata kabla hakijafunguliwa.

Tulipoanza kupanda Sekenke, basi likachoka. Lilikohoa mara mbili, likasimama kwenye kona jua la saa nane likiwa linawaka kichwani. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa saa tatu nzima. Watu walishuka wakatafuta vivuli vya miiba, wakanunua karanga na maji kwa kinamama waliotokea sijui wapi. Mimi sikushuka. Nilibaki ndani na boksi langu, nikilipepea kwa daftari, kwa sababu nilijua jambo ambalo abiria hawakulijua: mvinyo usiotiwa dawa haufi. Unalala tu, na joto likizidi unaamka.

Wa chupa moja ya boksini uliamka watu walipokuwa wanarudi vitini. Ulilia kama baruti. Kizibo kikapiga dari, na mvinyo ukaruka kama bomba lililopasuka, ukaivamia ile kanzu nyeupe kuanzia kifuani mpaka magotini.

"Damu!" alipiga kelele mtu wa nyuma. "Mzee kapigwa risasi!"

Mlango wa basi ni mmoja, na abiria wote walitaka kuutumia kwa wakati mmoja. Konda alitokea dirishani. Mama aliyeuliza habari za kujifungua alilala sakafuni akasali. Yule mzee alibaki amekaa, anajitazama, anajipapasa atafute tundu. Hakuliona, akalamba kidole. Akalamba na cha pili.

"Inafanya kazi," alisema. "Nasikia nguvu."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nilipomgeukia Mayu nikaona mabega yake yanatikisika chini ya kanga. Alipogundua namtazama akakohoa na kutengeneza uso. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile kwamba tulicheka kitu kimoja.

Singida

Kwa kuchelewa kule, dereva alikataa kuendelea. Tulilala Singida, kwenye nyumba ya wageni yenye ndoo ya maji ya moto na shuka safi. Asubuhi tukanywa chai kwa maandazi na kuku wa kukaanga, maana ukiwa Singida huwezi kuondoka bila kula kuku wao, hata kama ni saa moja asubuhi.

Mayu alikula kidogo. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuongea.

"Unafikiri ninakuonea wivu na miti yako."

"Sijasema hivyo, Mayu."

"Umefikiri. Sikiliza, ng'wanone, mwanangu. Mimi nilipoletwa pale nimeolewa, sikuwa na kitu. Nilipata mimba ya Masanja, kila chakula kilikuwa kinanirudi. Kitu pekee kilichokaa tumboni ni ule udongo. Nilikuwa nakwenda na ng'ombe, wanalamba na mimi nalamba. Mama mkwe wangu alinicheka. Yule mumeo aliyekomaa miguu kama mtwangio alijengwa na udongo ule. Sasa wewe unakuja unaniwekea miiba."

Nimeishi naye miaka kumi na saba na sikuwahi kuambiwa habari hiyo. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa nianzie wapi, nikamsogezea kipaja cha kuku. Akakipokea, akala.

Dodoma

Tulifika saa sita mchana na chupa tatu. Siku ya kuonja ilikuwa kwenye ua mkubwa chini ya maturubai, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, glasi zimepangwa, na watu wenye nguo nzuri wanazungusha mvinyo kwenye glasi kisha wanaunusa kwa muda mrefu. Mayu aliwaangalia akaniuliza kwa Kisukuma kama wana mafua.

Nilipanga chupa zangu mezani. Kusema kweli, zilikuwa zimepona vizuri kuliko mimi. Usiku mzima zilisimama wima kona ya chumba kule Singida, njiani nikazipakata taratibu, machicha yote yakatulia chini, na juu mvinyo ukawa mwekundu safi, unaopitisha mwanga. Niliinua moja kwenye jua, nikajisikia mrefu. Nikamwambia Mayu abaki hapo, kwa kuwa dada anayeandika majina alikuwa ameniita.

Yule dada alitaka kujua kama nimekosea kuandika. "Simiyu? Simiyu si pamba?"

"Simiyu ni pamba, ni ng'ombe, na kuanzia leo ni mvinyo," nilimjibu. Akauliza zabibu tulinunua wapi Dodoma. Hapo nikapandwa na mori. Nikamchorea Bariadi iko wapi na Ngulyati iko wapi, nikamweleza udongo mweusi, udongo wa mchanga na udongo wa chumvi, nikamweleza habari za miti iliyokufa na iliyopona. Nadhani nilifundisha vipindi viwili kamili. Ndipo nikasikia kicheko nyuma yangu.

Kilianza cha mtu mmoja, kikawa cha meza nzima, kikasambaa. Nikageuka. Mayu Nkwimba alikuwa amesimama katikati ya watu wale wa glasi, kanga ameifunga kiunoni, ameshika chupa yangu kwa mikono miwili kichwa chini, na anaisukasuka kama anavyosuka kibuyu cha maziwa kutoa siagi. Kwa mwendo ule ule, kushoto, kulia, kushoto, na mguso wa goti katikati. Chupa mbili nyingine zilikuwa zimeshamaliza zamu yao. Zilikuwa mezani, nyeusi tii kama maji ya dimbwi ng'ombe wakishatoka.

"Mayu! Nilikuambia zisitikiswe!"

"Njiani," alijibu. "Ulisema njiani. Sasa tumefika." Akaniangalia kwa ukali wa kweli, na akashusha sauti, kwa aibu yangu siyo yake. "Kabula, ulitaka kuwapa wageni maji ya juu, machicha ujibakizie? Watatusemaje?"

Nilikosa nguvu ya kukasirika. Ninyi wa huku mnajua: nyumbani kwetu pombe ya mtama haimiminwi kwa mgeni kabla haijakorogwa. Ukimpa mgeni ile nyepesi ya juu umempa maji, na ile nzito yenye chakula na nguvu umejiwekea mwenyewe. Nyumba inayofanya hivyo inasemwa mpaka kwa wajukuu. Mayu alikuwa ameona machicha chini ya chupa zangu, akaona mimi nataka kuiaibisha nyumba yake ugenini, na akaiokoa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilimwambia zisitikiswe njia nzima, sikumwambia hata mara moja kwa nini.

Waonjaji walikuwa wanakuja. Mbele alikuwa mwanamke wa Kigogo, mnene, ana miwani ya kamba, wanamwita Mama Nyemo. Yeye amelima zabibu tangu akiwa msichana, na wote pale walikuwa wanamsubiri aseme kwanza.

"Mbukwenyi," alitusalimu, kisha akatazama chupa. "Wasukuma, mmetuletea uji?"

Watu wakacheka tena. Kila kicheko kilikuwa kinaniingia kama shoka, maana niliiona mizabibu yangu, mti kwa mti, ikiwa imelala chini mvua ya kwanza.

Lakini Wagogo ni watani wetu, na Mayu hakuwa mtu wa kuachia utani upite. "Mgogo, tulia," alisema. "Ngoja kwanza nikutolee sumu, usije ukafa ukatusingizia."

Akamimina kwenye glasi. Na hapo nikaona anasita, na nikaelewa kwa nini. Desturi yetu ni kwamba mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya mgeni, amwonyeshe kwamba hakuna ubaya ndani. Hakukuwa na njia nyingine. Aliyekataa kuonja, ameshikilia glasi mbele ya mkutano, na desturi yake mwenyewe inamwambia anywe.

Akanywa. Funda moja linatosha, ndivyo ilivyo. Akanywa la pili. Akafumba macho akanywa la tatu, akamaliza machicha yote, na akabaki ameshika glasi tupu.

"Kabula," aliniambia kwa Kisukuma, polepole. "Ni ule. Ni ule niliokuwa nalamba."

"Anasemaje?" Mama Nyemo akauliza.

Nikamtafsiria. "Anasema ni udongo wa kwetu. Aliula alipokuwa na mimba ya mume wangu."

Hakuna aliyecheka. Mama Nyemo akapokea glasi yake, akainusa, akanywa, akautembeza mdomoni. Akatema kwenye ndoo kama wanavyofanya. Kisha akamimina tena, na safari hii hakutema.

"Mnatia chumvi?"

"Hatutii."

"Mna vijiwe vyeupe huko? Vya chokaa?"

"Vimejaa."

Akavua miwani. "Nitawaambia ukweli, maana ninyi ni watani. Una tope, na tope hili lina uchungu. Mngeuacha utulie, mngewashinda watu hapa leo. Siwezi kuupa nafasi yoyote ukiwa hivi." Akainua glasi juani. "Lakini mimi najua mvinyo wa mashamba yote ya huku, na huu haukutoka huku. Huu una kwao."

Akawaita wenzake. Walikuja mmoja mmoja, na yule bwana aliyecheka kuliko wote alirudi na glasi mara mbili. Chupa zote tatu zilikwisha na machicha yake. Baadaye Mama Nyemo alituvuta pembeni, akasema msimu ujao tumletee zabibu zote, atachanganya kwenye matangi yake makubwa zimpatie ile chumvi, nasi tusihangaike na mapipa. Nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu ya kujibu.

"Ng'ombe wangu ana alama yake kwenye sikio," Mayu akasema. "Nikimtia kwenye zizi lako bila alama, kesho nani atajua ni wa nani?"

Mama Nyemo akacheka, akamshika mkono, na hakurudia ombi lake. Pale nilipokuwa nimesimama, na chupa zangu tupu na karatasi ya matokeo isiyo na nafasi yoyote, nilijisikia fahari ambayo sijawahi kuisikia, siyo siku ya cheti changu cha ualimu, siyo siku ya harusi.

Kurudi

Fahari hiyo ilinifikisha Manyoni. Baada ya hapo hofu ikaanza. Mayu alikuwa hasemi. Alitafuna michembe, viazi vikavu alivyofungiwa na Holo, akalala, akaamka, akatazama nje, akalala. Na mimi nilikuwa nakumbuka maneno yake mbele ya ndugu. Hakusema "wakiupa nafasi." Alisema "wakiicheka." Na walikuwa wamecheka, tena sana, na yeye hajawahi kurudi nyuma kwenye neno alilolisema mbele ya watu. Kicheko cha kwanza, cha uji, cha meza nzima: nilivihesabu vyote mpaka Shinyanga.

Tulifika Ngulyati jioni. Ndugu walikuwa wameshakaa. Masanja akapokea boksi, akaona ni jepesi, akamwangalia mama yake. Nampongeza, kwa sababu safari hii alifungua mdomo.

"Mayu, walicheka?"

"Walicheka," alisema. Akakaa, akavua viatu, akaomba maji. Sisi wote tulisimama tukimngoja amalize kunywa. "Walinicheka mimi. Mvinyo hawakuucheka."

Akaenda kulala. Hakuna aliyethubutu kumuuliza hiyo maana yake ni nini.

Asubuhi nilisikia panga linakata miiba. Nikatoka nje mbio na kanga moja, na kwa mbali nikaona Masanja anaung'oa ua wangu upande wa bondeni, mama yake kasimama anamwelekeza kwa fimbo. Nilitembea pale kama mtu anayekwenda kutambua maiti.

Nilipofika karibu nikaona walivyokuwa wanafanya. Ile miiba walikuwa hawaitupi. Walikuwa wanaihamisha chini, hatua baada ya hatua, mpaka kwenye kile kijisehemu cha mwisho cha ibushi kilichokuwa kimebaki wazi, na Mayu alikuwa ameshachora kwa fimbo mistari ya mashimo ya kupandia. Ng'ombe wake walikuwa wamekusanyika upande wa pili, wananyoosha shingo na kulia kwa uchungu.

Mayu aliwasogelea, akamkuna mkubwa wao katikati ya pembe.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Ninyi nitawanunulia chumvi dukani."